Kilimo cha Vipimo na Nyumba za Bombambili

Kuna neno jipya linaloingia katika mazungumzo ya wakulima wa mkoa wa Ruvuma, nalo ni neno lenye kelele nyingi kuliko maelezo. Katika maonyesho ya Nane Nane, katika redio na katika simu za vijana, twasikia ya kwamba kilimo cha zama hizi ni kilimo cha takwimu. Kwamba setelaiti itamwambia mkulima hali ya mahindi yake, ndege isiyo na rubani itamnyunyizia dawa, na simu itamkopesha fedha za mbolea kwa sababu yamjua kuliko ajijuavyo mwenyewe. Wenye mitaji wa Marekani na Ulaya wametia mabilioni ya dola katika jambo hili. Basi wasomaji wetu, ambao wengi wao ni watu wa jembe au watoto wa watu wa jembe, wana haki ya kuuliza: jambo lenyewe ni nini, nani afaidikaye nalo, na je, mwenye nyumba wa Bombambili aliye na eka tatu atoe fedha yake, au aifunge katika mkoba?

Tumeitaja Bombambili makusudi. Ni kata ya mji wa Songea, na jina lake kwa sikio la Kiswahili lasikika kama hesabu. Huko, kama ilivyo katika kata nyingine za mji ule, si ajabu mtu kulala mjini na kulima nje ya mji. Songea ni nchi ya mahindi. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa chakula katika Tanzania, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapo. Lakini mvua ya Songea ni ya msimu mmoja, kutoka Novemba hadi Aprili hivi. Mkulima wa Tanga au wa Bukoba akikosea masika, ana vuli ya kujaribu tena. Wa Songea akikosea mwezi wa Desemba, hana la kufanya mpaka Desemba nyingine. Kwa ajili hiyo kosa la kipimo huko ni kosa la mwaka mzima, na ada ya shule ya watoto imo ndani yake.

Tuanze na maana. Kilimo cha vipimo ni kulipa kila pande la shamba lile linalohitaji, kwa kadiri linayohitaji, kwa wakati wake, badala ya kulitendea shamba zima kama kitu kimoja. Hayo tu. Mashine zote, setelaiti zote na programu zote za simu ni watumishi wa jambo hilo moja.

Tuseme nyumba moja ina eka tatu za mahindi. Eka ya chini, karibu na bonde, ina udongo mweusi. Eka ya kati ni ya udongo mwekundu uliolimwa miaka mingi. Eka ya juu ilikuwa ya tumbaku. Kila mwaka baba hununua mifuko mitatu ya mbolea ya kupandia na mitatu ya kukuzia, akaigawa sawasawa, mfuko mmoja kila eka, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na ndivyo afanyavyo jirani yake. Sasa yatazame yanayotokea chini ya ardhi. Mahindi hupenda udongo ambao kipimo chake cha uchachu ni kati ya 5.5 na 7. Udongo ukiwa mchachu zaidi ya hapo, yaani kipimo kikishuka chini ya 5.5, madini ya chuma na alumini huishika fosforasi ya mbolea na kuifunga, hata mizizi isiweze kuinywa. Ikiwa eka ya kati imefika 4.8, basi sehemu kubwa ya fosforasi ya mfuko uliomwagwa hapo imefungiwa ghala ambalo ufunguo wake hana. Dawa ya eka ile si mfuko wa pili, bali ni chokaa ya kilimo kwanza. Na eka ya bondeni labda haikuhitaji mfuko mzima. Mtu huyu hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alikosa kipimo tu, na kwa kukosa kipimo alinunua kitu cha haki akakitia mahali pasipo pake.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu kama vijana wanavyodhani. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga, kwa zaidi ya miaka mia moja, wamelima milima mikali kwa mashimo yao yaitwayo ngoro. Hukata nyasi, wakazilaza chini kwa mistari inayokatana kama nyavu, wakachimba udongo wa katikati na kuzifunika zile nyasi. Pakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maji ya mvua hutulia ndani ya shimo badala ya kuteremka na udongo, na nyasi huoza zikawa mbolea chini ya maharage na mahindi. Aliyebuni ngoro aliupima mteremko kwa macho, akampa kila hatua ya mlima haki yake. Twasema haya ili mtu asidhani ya kuwa akili ya kupima imeletwa na meli.

Meli, kwa kweli, iliwahi kutuletea kinyume chake. Wazee wetu wanaukumbuka Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza. Mwaka wa 1946 ujumbe ulioongozwa na Bwana John Wakefield ulikuja Afrika ya Mashariki, ukazunguka kwa muda wa wiki tisa, na kwa sehemu kubwa ukitazama nchi kutoka ndani ya ndege. Kisha ukapendekeza kufyekwa zaidi ya eka milioni tatu kwa ajili ya karanga. Mwaka wa 1947 kazi ikaanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea, hapo kusini kwetu. Matrekta yakaletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Walakini mvua ya Kongwa haikuwa imepimwa miaka ya kutosha, na udongo wake, ambao ulikuwa laini wakati wa kupanda, ulikauka kwa jua ukawa kama tofali, karanga zikanaswa ndani. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hazina ya Uingereza ikafuta pauni milioni 36 hivi. Lau kama wangekaa misimu mitatu na kipima mvua cha shilingi chache na jembe la kuchimbia udongo, wangaliokoa fedha ile. Mtaji ulikuwapo, mashine zilikuwapo, kilichokosekana ni khabari. Mtu akituuliza takwimu za shamba zina thamani gani, sisi humwonyesha Kongwa.

Sasa tuviangalie vyombo vya leo, kimoja kimoja kwa kadiri kinavyotuhusu.

Setelaiti ndizo zinazosifiwa sana. Umoja wa Ulaya una setelaiti ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa mwaka wa 2015 na ya pili mwaka wa 2017, ambazo hupita juu ya kila shamba duniani kila baada ya siku tano hivi, na picha zake hutolewa bure kwa kila atakaye. Kila alama ya picha yake ni mraba wa mita kumi kwa kumi. Kwa hiyo eka moja hutokea kama miraba arobaini. Jani lenye afya hurudisha mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu zaidi kuliko jani linaloumwa au lenye njaa, na setelaiti hulihisi hilo. Ni jambo la ajabu, nasi hatulipuuzi. Lakini yuko mtu mmoja ambaye wauzaji hawamtaji, naye ni wingu. Mahindi ya Songea huota, hukua na kuzaa katika miezi ileile ambayo mbingu imefunikwa. Picha ya siku ya tano ni wingu, na ya siku ya kumi ni wingu, na itakapopatikana picha safi huenda mahindi yamekwisha toa ndevu. Zipo setelaiti nyingine, Sentinel-1, ambazo hutumia mawimbi ya rada yapenyayo mawingu. Nazo ni msaada, ila kuzisoma kwataka fundi. Basi anayekwambia kwamba atakuonyesha shamba lako kila wiki mwezi wa Januari, mwombe kwanza akuonyeshe picha za Januari iliyopita.

Zipo vilevile ramani za udongo wa Afrika. Tangu mwaka wa 2020 iko ramani iitwayo iSDAsoil, nayo ni ya bure, inayokisia uchachu na rutuba ya udongo kwa kila mraba wa mita thelathini katika bara zima. Tumesema inakisia, na neno hilo msomaji alishike. Imetengenezwa kwa sampuli za udongo zilizochimbwa katika sehemu mbalimbali, kisha hesabu za mashine zikajaza nafasi zilizobaki. Kwa waziri anayepanga mbolea ya mkoa, ni hazina. Kwa mwenye eka tatu, ni kama khabari ya mtu aliyepita barabarani akakwambia kwamba nyumba yako yaonekana kubwa.

Chombo kilichotupendeza zaidi kimepewa jina zuri la Nuru. Ni programu ya simu iliyotengenezwa na watu wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA. Mashine yake ilifundishwa kwa picha za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya pwani yetu, karibu na Bagamoyo, hata ikaweza kutambua batobato na michirizi kahawia. Baadaye ikafundishwa kumtambua viwavijeshi vamizi katika mahindi, mdudu yule aliyeingia Tanzania mwaka wa 2017 na kuwaliza wengi. Huzungumza Kiswahili, na tena hufanya kazi shambani pasipo mtandao. Yatutosha kusema kwamba hiki ni chombo kilichoanza kwa kuuliza mkulima wetu anaumwa na nini, na ndiyo sababu kinafaa.

Ndege zisizo na rubani tutazipita upesi. Zanzibar ilipimwa yote kwa ndege hizo kuanzia mwaka wa 2016, Unguja na Pemba, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki, na kazi ile ilisifiwa duniani. Kwa shamba kubwa la kahawa zina maana. Kwa eka tatu za mahindi hazina, na kuzirusha kwataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo mambo yanapochanganywa. Mwaka wa 2013 kampuni ya Monsanto iliinunua kampuni ya takwimu za hali ya hewa na mashamba, Climate Corporation, kwa karibu dola milioni 930. Mwaka wa 2017 watengenezaji wa matrekta, John Deere, waliinunua Blue River, ambayo mashine zake humwona gugu na kulinyunyizia dawa pekee yake, kwa dola milioni 305. Tangu hapo kila mwenye fedha alitaka kuwa mkulima wa mezani. Kwa hesabu za AgFunder, wanaofuatilia mambo haya, mitaji iliyoingia katika teknolojia za kilimo na chakula duniani ilifika dola bilioni 51.7 mwaka wa 2021. Mwaka uliofuata ikashuka hadi bilioni 29.6, na mwaka wa 2023 ikawa bilioni 15.6 tu. Riba zilipanda huko Marekani, na wenye fedha wakaona ni afadhali kuziweka mahali pengine.

Wimbi hilo lilifika hadi Nairobi. Gro Intelligence, kampuni ya takwimu za kilimo iliyoanzia huko chini ya Bibi Sara Menker, ilipata dola milioni 85 mnamo Januari 2021 na kusifiwa kila mahali. Mwaka wa 2024 ilifunga milango. Apollo Agriculture, iliyoanzishwa mwaka wa 2016, huwakopesha wakulima wadogo wa Kenya mbegu na mbolea, na huamua wa kumkopesha kwa kutazama shamba lake kutoka setelaiti na kwa hesabu za mashine. Nayo ilipata dola milioni 40 mwaka wa 2022. Hatusemi haya kwa kuwacheka walioanguka, wala kwa kuwapamba waliosimama. Twasema ili mkulima ajue ya kwamba fedha ya namna hii ina haraka. Hukaa miaka mitano au saba, ikitafuta faida kubwa, na isipoipata huondoka, na programu iliyoshika kumbukumbu za shamba lako huenda ikaondoka nayo. Mtu mwenye busara akitumia programu ya kampuni yoyote, anakili hesabu zake katika daftari la karatasi.

Kwa upande wa Tanzania, mtaji mkubwa umetoka serikalini. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 katika mwaka wa 2021/22. Mwaka uliofuata ikawa bilioni 954, na mwaka wa 2024/25 ikafika trilioni moja na robo hivi. Mwaka wa 2022 maofisa ugani walipewa pikipiki, na halmashauri zikapewa vifaa vya kupimia afya ya udongo. Mwaka huohuo ikaanza ruzuku ya mbolea: mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 130,000 ukatakiwa kuuzwa kwa takriban 70,000. Ili kuipata ruzuku hiyo mkulima huandikishwa jina lake, simu yake, zao lake na ukubwa wa shamba lake, kisha hupewa namba ya kununulia kwa wakala. Watu wengi waliona ni usumbufu wa foleni. Sisi twaona ni jambo kubwa kuliko mbolea yenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza taifa limepata daftari la wakulima wake. Na daftari laweza kuwa la kheri au la madhara, kwa kutegemea ukweli wa yaliyoandikwa ndani yake. Aliyejiandikisha eka kumi naye ana tatu, ili apate mifuko ya kuuza, amekula haki ya jirani yake, na tena ameharibu hesabu ya nchi nzima. Kwani wanaopanga ununuzi wa mahindi watangoja mavuno ya eka ambazo hazipo.

Hapa mambo yanagusa dini yetu, nasi hatuwezi kuyapita. La kwanza ni mkopo. Nyingi ya huduma hizi za simu mwisho wake ni mkopo, na nyingi ya mikopo hiyo ni ya riba. Hukumu ya riba haihitaji maelezo katika ukurasa huu. Lakini Uislamu haukumwacha mkulima mikono mitupu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya kuvunwa, mwaka mmoja au miwili mbele, hakuwakataza, bali aliwataka kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Mnunuzi hulipa bei yote leo, mkulima hununua mbegu na mbolea, na wakati wa mavuno hukabidhi magunia kadhaa ya mahindi ya daraja fulani mahali walipopatana. Wanavyuoni wakaongeza ya kwamba mahindi yasifungwe kwa shamba moja maalumu, maana shamba hilo laweza kuteketea, ikawa mnunuzi amenunua bahati. Benki zinazofuata sharia zipo nchini, kama Amana iliyofunguliwa mwaka wa 2011, na benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo. Ushirika wa wakulima wa Songea ukienda kwao na kumbukumbu za misimu mitano, kila mwanachama na uzito wa mavuno yake, utazungumza nao kwa heshima. Ukienda na maneno, utarudi na maneno. Ama ushirika wa mwenye shamba na mwenye nguvu kugawana mazao, fukahaa wana khitilafu ndani yake, na kila mtu amwulize sheikh wake kabla ya kutia sahihi.

La pili ni mizani. Msomaji atashangaa tukimwambia ya kwamba chombo cha kwanza cha kilimo cha vipimo si setelaiti, bali ni mizani. Gunia la mahindi la haki halizidi kilo 100, nalo ndilo sheria inalolijua. Lakini nani asiyelijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, likabeba kilo 120 au zaidi na kulipwa bei ya gunia? Mkulima anayepoteza kilo 20 katika kila gunia amepoteza sehemu ya sita ya jasho lake mlangoni pa nyumba yake, na hakuna picha ya kutoka mbinguni itakayomrudishia. Mwaka wa 2024 Hifadhi ya Chakula ilikuwa ikinunua mahindi kwa shilingi 650 kwa kilo, kisha bei ikapandishwa kuwa 700. Kwa bei hiyo kilo 20 ni shilingi 14,000, na magunia matano ya lumbesa ni mfuko mzima wa mbolea ya ruzuku. Qur'ani ina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Wanunuzi wetu wengi waijua kwa moyo, na baadhi yao husoma sura hiyo asubuhi na kushona kilemba jioni.

Mizani hiyohiyo ndiyo ya zaka. Mahindi ya mvua hutolewa sehemu ya kumi, na yanayonyweshewa kwa gharama nusu ya hiyo, yakifika nisabu ya wasaki tano, ambayo wengi huikadiria karibu kilo 650. Mwenye eka tatu hufika hapo kwa urahisi. Je, ni nyumba ngapi zinazopima? Twaogopa kwamba wengi hutoa debe moja au mawili kwa kukisia, na mafukara wa mtaa ule hukosa haki yao pasipo mtu yeyote kukusudia dhuluma.

La tatu ni amana. Khabari za shamba lako ni mali. Anayejua kwamba eka za kata fulani zimezaa sana mwaka huu, naye akajua mwezi mmoja kabla ya wenyewe, atajua bei ya kuwatolea. Anayejua kwamba umekopa na mvua imekatika, atajua lini una haraka ya kuuza. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka wa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na iko Tume ya kuisimamia. Kwa sheria hiyo mtu anapochukua jina lako, simu yako na mengine yako, yampasa akwambie anayachukua kwa ajili gani, nawe una haki ya kuuliza yanayohifadhiwa juu yako na kutaka yasahihishwe. Wakulima wengi hawajaitumia haki hii hata mara moja. Kijana wa nyumbani anayeombwa na baba yake abonyeze "nimekubali" katika simu, na asome kwanza. Ikiwa maneno ni ya Kiingereza tupu, amwulize mwenye kampuni kwa nini amekuja Songea pasipo Kiswahili.

Tumeulizwa na vijana kama kazi ipo humu. Ipo, lakini si ile wanayoifikiria wengi. Si lazima mtu awe mbunifu wa programu mjini Dar es Salaam. Katika kata moja kama Bombambili yahitajika mtu mmoja mwaminifu mwenye mizani iliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, anayepima magunia ya watu kwa ujira mdogo na kuwaandikia. Yahitajika mwingine anayejua kuchukua sampuli za udongo, kuzipeleka penye kifaa cha halmashauri, na kumfasiria mzee majibu. Msichana aliyemaliza kidato cha nne aweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko injinia, kwa kuwa shamba la mama yake analijua. Kumbukumbu za bei pia zafaa. Ufuta, soya na mbaazi za Ruvuma huuzwa kwa stakabadhi ghalani na kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, ambayo bei zake hutangazwa; mwenye kuziandika tarehe kwa tarehe kwa miaka miwili atakuwa na elimu ambayo mnunuzi wa kijijini hapendi mkulima awe nayo.

Na tukiulizwa nyumba ya eka tatu itumie wapi fedha yake kwanza, hatutasitasita. Ni mizani na daftari, wakiungana majirani watano kununua moja. Halafu kipima mvua; hata kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya mtoto wa shule latosha, likiwekwa mahali pa wazi na kusomwa kila asubuhi. Tena kupima udongo, mara moja katika kila misimu mitatu hivi. Baada ya hayo ndipo simu, na Nuru, na ramani. Mengine na yangoje.

Kwa kuwa wengi wametuomba maelezo ya sampuli, twayaandika hapa, na kazi hii yafaa ifanywe Agosti au Septemba, ili pawepo wakati wa kutia chokaa kabla ya mvua. Shamba ligawe kwanza kwa rangi ya udongo na kwa mteremko, wala usichanganye bonde na mlima. Katika kila pande, tembea kwa kupindapinda na kuchimba mahali kumi hivi hadi 15, ukiepuka kichuguu, njia ya ng'ombe, mahali palipochomwa taka na mahali palipowekwa mbolea. Fagia majani, chimba sentimita 20 kwenda chini, na uchukue kipande chembamba cha udongo toka juu hadi chini. Tia vyote katika ndoo safi ya plastiki. Mfuko uliokuwa na mbolea usiutumie kabisa, maana utajipima mbolea badala ya udongo. Changanya, vunja mabonge, anika kivulini, kisha chukua nusu kilo tu. Juu ya mfuko andika jina, kijiji, pande la shamba, zao la mwaka jana, na tarehe uliyochimba, kwa kalamu isiyofutika kwa maji.